Sultani wa Kabatini

Amana yenye roho haiwekwi kabatini. Mmeisikia leo kwa mjomba wa bibi harusi, alipomshika bwana harusi mkono pale mlangoni, na nyie mkacheka, mkadhani mzee kachoka na shughuli. Kaeni hapo niwaambie maneno hayo yalizaliwaje, maana mimi nilikuwapo. Na wewe Shamte, hiyo simu iweke chini. Sisimulii mara mbili.

Palikuwa na jirani yangu hapa hapa Ngamiani ya Tanga, Bi Mwajabu, mpika vitumbua. Nyumba yake na yangu zilitenganishwa na ukuta mmoja, tena mwembamba. Akikohoa kwake naamka kwangu. Ukoo wao ulisifika kwa jambo moja, kutunza amana. Baba yake aliwahi kuachiwa bangili na msafiri, zimefungwa ndani ya leso. Msafiri akapotea miaka na miaka, akarudi hana meno, akakabidhiwa leso yake na fundo lake lile lile, halijaguswa. Bi Mwajabu alilelewa na hadithi ya fundo hilo. Kwake yeye kutunza kitu ni kukifunga vizuri na kutokukigusa.

Mwanawe wa pekee, Mbaraka, dereva wa malori ya masafa marefu, akaoa binti wa Korogwe aitwaye Salha. Siku ya kumkabidhi, wazee wa Korogwe walisema wasemavyo watu wote: binti yetu ni amana kwenu. Wangejua wanamwambia nani, wangetafuta neno jingine. Salha asiende sokoni, jua litamdhuru. Asiende kwa shoga zake, watu wana macho. Alikuwa msusi hodari, wateja wakaambiwa wasije. Mimba ya kwanza ilipoharibika, ndiyo kabisa, hata kukaa barazani ikawa mwiko. Wala Bi Mwajabu hakuwa mkwe mbaya, nasema haki ya Mungu. Alimpenda yule binti. Lakini Salha alikonda, kisha akanyamaza.

Mbaraka alipoona mkewe amenyong'onyea, akamletea samaki wa urembo kutoka safarini. Ni wale wadogo waitwao beta, urefu wake kama kidole. Alikuwa mwekundu, mapezi marefu yanaburuzika nyuma kama joho, ndipo Salha akamwita Sultani. Alikuja ndani ya chupa ya achari, kifuniko kimetobolewa kwa msumari. Mbaraka akaahidi kuleta tanki safari ijayo. Mnawajua wanaume na safari ijayo. Salha akamweka chumbani kwake akamtunza mwenyewe mlango umefungwa, na sisi tukaanza kusikia tena sauti yake. Alikuwa anaongea na samaki.

Mimba ya pili ikaingia. Siku moja akaona damu, akashikwa na hofu, na mama yake akaja kumchukua akapumzike na kujifungulia kwao. Ndani ya teksi, mlango haujafungwa, Salha akampa mkwewe chupa ile akamwambia, "Mama, Sultani ni amana kwako. Nataka nimkute kama nilivyomwacha."

Kabla ya hapo mama yake Salha alikuwa ameniambia pembeni kwamba binti hana hakika kama atarudi katika nyumba ile. Aliyasema kwa sauti ya chini, lakini Bi Mwajabu aliyasikia. Nilimwona alivyoikumbatia chupa. Alijua kuwa kitu pekee cha Salha kilichobaki kwake, kitakachomfanya ageuze shingo kutazama Tanga, ni kile kisamaki.

Basi akafanya alivyofundishwa na baba yake. Alikuwa na kabati la vyombo sebuleni, lenye milango ya kioo mbele na kioo cha kujitazamia nyuma, ndani glasi ambazo hazijawahi kunywewa maji. Akamweka Sultani katikati ya glasi, akafunga kwa ufunguo, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga. Alimfungulia asubuhi kumtupia chakula, akafunga tena. Maji hakuyabadilisha. Aliambiwa Salha anataka amkute kama alivyomwacha, na maji yale ndiyo aliyoachwa nayo.

Samaki wa namna ile hapatani na dume mwenzake hata kwa kuonana. Kila akigeuka anamwona adui nyuma ya kabati, naye adui ni yeye mwenyewe. Anatunisha mashavu, anatandaza joho, anapigana na kioo kutwa nzima. Bi Mwajabu akaja kwangu na wasiwasi, akaniuliza kama samaki huchukia mtu, kwa sababu Sultani akimwona anakasirika. Nikamwambia aache upuuzi. Sikwenda hata kutazama, nilikuwa na nguo za watu za kushona.

Kila alasiri Salha alipiga simu. Daktari alimwagiza alale tu, na mama yake alikwisha kutuonya kwamba binti asishtuliwe kwa lolote. Alikuwa akiuliza neno lile lile, "Sultani hajambo?" Bi Mwajabu anajibu hajambo. Mwanzoni lilikuwa kweli. Halafu likawa nusu kweli. Nilikuwa namsikia kupitia ukutani, kila siku lile hajambo linazidi kuwa dogo. Hata vitumbua vyake vilianza kuungua, na wateja wakasema.

Ikafika siku akanivuta mkono nikamwone. Maji yamekuwa na rangi ya chai ya rangi. Ule wekundu umepauka kama kanga iliyoanikwa juani mwaka mzima. Pezi moja limechanika. Kalala ubavu kwenye kitako cha chupa, na mara moja moja anajikokota juu, anagonga kifuniko, anavuta hewa, anazama tena.

"Akifa huyu, Salha harudi," akasema Bi Mwajabu. "Na mtoto je? Akishtuka mtoto je? Nitakuwa nimemuua na mtoto."

"Mbadilishie maji, mwenzangu."

"Kaniambia anataka amkute kama alivyomwacha. Nimpigie kumwomba ruhusa? Akiuliza kwa nini, nitamwambia nini?"

Hapo hasira zikanipanda. Nikamwambia, "Mwajabu, alimwacha anaogelea. Huyu anaogelea?"

Alimtazama samaki, akanitazama mimi, akafungua pindo la kanga. Alifungua kabati akaitoa chupa, akaondoa kifuniko. Kisha akafunga baibui, tukaondoka.

Mjini kulikuwa na duka la samaki wa urembo, la mama mmoja mnene mwenye subira. Bi Mwajabu alisimama mlangoni kama mtu aliyeingia hospitali. Matanki ni mengi, na fedha aliyokuwa nayo ni ya vitumbua. Akavutiwa kwanza na tungi la kioo la mviringo, zuri, bei nafuu, lingependeza mezani mpaka wageni waulize. Alikwisha kulishika. Mara akaona kinywa chake, chembamba kuliko tumbo, akalirudisha polepole. Akasema hii ni chupa ya achari iliyovaa nguo ya sikukuu.

Mwenye duka akamwonyesha tanki kubwa lenye taa za rangi na mashine inayosukuma maji. Nikaona bei nikageuza uso. Bi Mwajabu hakuitazama bei. Aliomba ruhusa akatumbukiza mkono, akaona maji yanavyouvuta mkono wa baibui kwenye kiwiko. Akasema Sultani ana joho refu, tena mgonjwa, maji haya yatampeleka ukutani. Mwenye duka akacheka, akakubali kuwa beta hapendi maji ya kasi, anataka maji yaliyotulia na ya vuguvugu, na nafasi ya kupanda juu kuvuta hewa. Kisha akatutolea tanki ambalo halikuwekwa hata mbele ya watu. Lilikuwa la pembe nne, limeunganishwa kwa gundi na fundi wa vioo vya madirisha, pana kuliko urefu wake, linameza ndoo moja kubwa na ushee, kifuniko chake cha wavu kwa sababu beta huruka. Halina taa wala nakshi. Ni kioo tu.

"Wageni hawatalitazama," akasema mwenye duka.

"Wageni hawalali humo," akajibu Bi Mwajabu, akafungua kibindo.

Tulirudi kwa bajaji, amelipakata, kila shimo la barabarani anasoma dua. Nyumbani hofu ikaanza upya. Tulikuwa tumeambiwa maji ya bomba yana dawa, yatulie kwanza mpaka dawa iishe, na Sultani hakuonekana wa kungoja. Nikamkumbusha pipa lake la uani, maana mgao wa maji ulitufundisha sote kuweka akiba, na maji yale yalikuwa yamekaa siku kadhaa. Akayachota. Akayajaribu kwa ndani ya kifundo cha mkono, kama mtu anayetaka kuogesha kichanga. Akaiweka kwanza chupa ielee ndani ya tanki ili joto lilingane, ndipo akaiinamisha taratibu. Sultani akatoka kama kitambaa, akashuka chini, akajificha nyuma ya kikombe kilichovunjika mkono ambacho tulimwekea. Hakutikisika.

Alasiri simu ikalia. "Sultani hajambo?" Nilikuwa nimekaa pale pale, nikaona Bi Mwajabu akilitazama tanki. Mwishowe akasema, "Yupo, mwanangu. Naye anakungoja." Alipokata simu alilia.

Siku zilizofuata hakula vizuri yeye wala samaki. Alikuwa akiamka anachungulia kwanza tanki ndipo anatawadha. Hata asubuhi moja akanigongea ukuta kwa nguvu, nikakimbia nikijua yamekwisha, nikamkuta amepiga magoti. Sultani alikuwa juu ya maji, anajenga kisahani cha mapovu, povu moja moja, kama fundi mwenye kazi zake. Mwenye duka alikuwa ametuambia kwamba beta akijenga mapovu, basi mahali pamemridhisha. Wekundu ukaanza kurudi, ingawa lile pezi lililochanika halikupona sawasawa.

Salha akajifungua salama, mtoto wa kike. Ikaja habari kwamba anakuja Tanga na mama yake, lakini hawakusema kama anakuja kukaa au kuchukua nguo zake.

Asubuhi ya siku hiyo nilimkuta Bi Mwajabu ameshika chupa ya achari mkono mmoja, upawa mkono wa pili, amesimama mbele ya tanki. Nikaelewa. Alitaka kumrudisha samaki chupani na chupa kabatini, ili akutwe kama alivyoachwa. Sikusema kitu, ingawa mnanijua kunyamaza kwangu ni kazi. Alisimama muda mrefu, Sultani anazunguka zunguka na joho lake. Kisha akaukung'uta upawa, akaosha chupa, akaifunika kifuniko chake, akaiweka kabatini tupu.

Salha akaingia na mtoto kifuani. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kabatini, akaona chupa haina kitu. Uso ukamshuka. Mama yake akamshika bega.

"Mama," akasema, "Sultani yuko wapi?"

Bi Mwajabu akaenda dirishani akafunua kanga aliyolifunikia tanki. Sultani akatunisha mashavu, akatandaza joho lake lote, na lile pezi bovu nalo.

"Sikumtunza kama ulivyomwacha," akasema Bi Mwajabu. "Nilimfungia akataka kufa, ndipo nikamtoa. Chupa yako hiyo hapo, na kifuniko chake, haina hata ufa. Amana isiyo na roho iko kabatini. Yenye roho haiwekwi kabatini, mwanangu. Na wewe kwenu walinipa ukiwa na roho, nikakufungia. Nisamehe."

Salha alitazama samaki kwa muda. Alitazama kabati. Kisha Salha akamtoa mtoto kifuani, akamweka mikononi mwa mkwewe.

"Mshike vizuri," akasema. "Nakwenda sokoni."

Akatoka peke yake, kwa miguu yake, na Bi Mwajabu hakumwuliza atarudi saa ngapi. Alirudi na mchicha, na jioni yake akakaa barazani akamsuka binti wa jirani.

Yule mtoto aliyewekwa mikononi ndiye bibi harusi wenu wa leo. Mjomba wake ni kaka yake Salha, kwa hiyo alijua anachomwambia bwana harusi, na bwana harusi kwa bahati hakucheka kama nyie. Binti amekabidhiwa akiwa na roho yake na miguu yake. Haya, semeni wote niwasikie, tena bila kucheka: amana yenye roho haiwekwi kabatini.