Paka wa Korogwe

Si zamani za mababu, ni mwaka jana tu, Kihwelo, msimamizi wa karakana ya mapazia, alipiga marufuku simu saa za kazi. "Mtandao unaua kazi!" alifoka. Kila asubuhi simu za mafundi ziliingia sandukuni, na ufunguo ukakaa mfukoni mwake. Ambaye angekaidi angefukuzwa.

Alhamisi alimburuta fundi Siwema, ambaye yeye Kihwelo alikuwa akimtafutia sababu ya kumfukuza siku nyingi, hadi kwa mwenye karakana, Bi Rukaiya.

"Huyu ameficha simu! Jana kutwa alikuwa akirusha picha za paka mtandaoni."

Siwema aliinamisha kichwa. "Pengine uliziona jioni, bosi wangu."

"Jioni ipi? Nilikuwa naziona kila zilipoingia! Saa nne paka kavaa kofia. Saa tano kalala kwenye sufuria, nikacheka mpaka chai ikanipalia!"

"Na ile ya saa nane?"

"Ya paka na jogoo? Hiyo nimeitazama mara sita!"

Bi Rukaiya alimtazama Kihwelo, kisha akamgeukia Siwema. "Simu yako iko wapi?"

"Iko Korogwe kwa mama tangu Jumapili. Ukipiga sasa hivi atapokea yeye. Paka ni wake. Mimi jana nilishona mapazia ishirini."

Bi Rukaiya alinyoosha mkono. "Kihwelo, leta simu yako. Ufunguo mpe Siwema."

Jioni Siwema aliazima simu ya jirani, akampigia mama yake.

"Mama, mvue paka kofia, apumzike. Panya keshanasa."