Ukipanua Tanuri, Uliza Mvukuto

Kitendawili! Haya, sikilizeni: yupo mtumishi, tangu uzaliwe hajakaa kitako, wala hajakuomba hata maji ya kunywa. Ni nani huyo? Mmeshindwa? Msinipe mji bado. Kaeni nacho, mbele tutakutana nacho.

Juzi baba yenu alipopakua sahani ya tatu ya wali akaambiwa, "Ukipanua tanuri, uliza mvukuto," nanyi mkauliza tanuri na wali vinahusiana wapi. Methali hii ilianza hivi, huko milima ya Upare, kwa mhunzi mmoja aliyeitwa Kadeghe.

Kadeghe alifua majembe ambayo hata jiwe liliyapisha. Na kwao palikuwa na desturi: anayechukua jembe jipya humletea mhunzi chungu cha makande, au cha ndizi zilizopikwa kwa mafuta ya kondoo, na haondoki mpaka aone chini ya chungu. Kisipokwisha, walisema, jembe litapinda. Basi Kadeghe alikula. Msimu wa kulima alimaliza vyungu vitatu kwa siku, chumvi tele, na watu wakamsifu, "Fundi, umenawiri!" Naye akachekelea, akalegeza mshipi.

Miaka ikapita hivyo, mwili ukawa mwili kweli. Akipanda kutoka mtoni alisimama mara nne, akisingizia moshi wa tanuri. Jioni miguu ilimvimba, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Akilala chali alikosa pumzi, akawa anaegemea mito mitatu. Mkewe Nakunda akimuuliza, jibu lilikuwa lile lile: "Uzee tu, mama Nampombe."

Nampombe ndiye binti yao wa pekee, na alikuwa ameposwa kijiji cha juu mlimani. Mila ya wahunzi ilisema hivi: siku ya saba ya ndoa, baba mwenyewe hubeba jembe alilolifua, akapanda nalo mpaka mlangoni kwa mwanawe. Halitumwi, halipandishwi punda. Baba asipofika, binti atalima kwa jembe la kuazima. Kila asubuhi Kadeghe aliutazama ule mlima.

Mwaka huo akapanua tanuri, apate kufua majembe sita kwa pamoja. Mpiga mvukuto wake, ule mfuko wa ngozi unaopuliza moto, alikuwa shemeji yake Mrutu, kaka wa Nakunda, mtu mwembamba wa maneno mengi. Siku ya tatu mvukuto ukapasuka, pwaa! Jivu likawajaa usoni, moto ukalala.

"Ngozi mbovu hii!" Kadeghe akafoka.

"Ngozi imekukosea nini, shemeji?" Mrutu akasema akifikicha macho. "Tanuri umelipanua mara mbili, mvukuto ni ule ule wa mbuzi mmoja. Uliuuliza?"

"Mvukuto nao unaulizwa?"

"Unaulizwa. Tangu juzi unakoroma. Hukuusikia?"

Kadeghe akafungua kinywa amjibu, pumzi ikamkatika. Akakaa chini, kifua kinakoroma vile vile.

Wanaume sita walimbeba kwa machela hadi zahanati, wakipokezana na kuhema. Mrutu, jasho likimtiririka, hakuweza kunyamaza. "Shemeji, sisi sita tumekubeba mara moja, mabega yanalia. Yupo anayekubeba peke yake tangu uzaliwe, na hajakaa kitako. Ni nani?"

Kadeghe alikuwa anatafuta pumzi.

Muuguzi, Bi Naetwe, alimpima, akamsikiliza kifua, kisha akakunja ngumi. "Baba, moyo wako ni kama hivi tu. Mwili umeukuza, damu ya kusukuma imeongezeka, lakini msukumaji ni yule yule. Sasa amechoka, ndiyo maana maji yanakujaa miguuni na kifuani."

Kadeghe akaitazama ile ngumi, akaukumbuka mvukuto uliopasuka. "Nitaupanda mlima wa mwanangu?"

"Ukinisikiliza. Kwanza hospitali ya wilaya wakuangalie vizuri. Dawa kila siku, hata ukijiona mzima. Chumvi punguza, mwili punguza polepole, na utembee kwa kiasi watakachokwambia."

"Na vyungu vya watu je? Majembe yatapinda!"

Nakunda akacheka. "Mila inasema chini ya chungu paonekane. Ilisema kiliwe na mdomo mmoja tu?"

Tangu hapo wote waliosubiri majembe walikula pamoja, na Kadeghe akachukua kibakuli chake. Vyungu vilikwisha upesi kuliko zamani, wala hakuna jembe lililopinda. Hospitali ya wilaya alikwenda, dawa akanywa kila siku, na miezi ikaenda. Mito mitatu ikawa miwili, kisha mmoja. Njia ya mtoni akaipanda kwa kusimama mara moja, halafu akaipanda akipiga mluzi.

Nampombe akaolewa. Siku ya saba Kadeghe alijitwika jembe begani asubuhi na mapema. Kila kona alisimama, mkono kifuani, kisha akaendelea. Mrutu alimfuata nyuma, hana mzigo ila mdomo wake. "Pole pole, shemeji, mlima hauhami!"

Jua lilipofika utosini wakafika mlangoni, Nampombe akatoka mbio, akapiga magoti na kunyoosha mikono miwili. Vigelegele vikapanda.

"Ngoja kwanza," Mrutu akasema. "Kitendawili changu cha kwenye machela hakijajibiwa."

Kadeghe akaliweka jembe mikononi mwa bintiye, akashika kifua, akasikiliza kidogo, akatabasamu.

"Ni moyo, shemeji. Kila kona nimeuuliza, nao umeniambia twende. Ukipanua tanuri, uliza mvukuto."