Maiti Aliyekwama Sokoni Katolwe

"Mji usio na mtani huzima moto kwa mate." Mmeisikia asubuhi, mkacheka, sasa mnauliza imetoka wapi. Kaeni basi. Methali hii ilianza hivi.

Mji wetu wa Katolwe ulipofunga urafiki na Mpundu, mji wa nchi ya ng'ambo ya ziwa, wazee walisema mkataba peke yake haunogi. Miji hii itaniane kama makabila yanavyotaniana. Mtani hukutukana usoni nawe huruhusiwi kununa, na ukifiwa yeye ndiye wa kwanza kufika. Basi sisi tukawapelekea mafundi wa kukausha dagaa. Wao wakatuletea pampu ya kuzimia moto yenye magurudumu, pamoja na Bi Chileshe, mkuu wa zimamoto wao, aje kutufundisha.

Bi Kalunde, muuza vitenge, hakufurahi. Meza aliyoachiwa na mama yake ilitokeza hadi katikati ya njia, na alijua mgeni ataiona. Meza hiyo ndiyo iliyosomesha wanawe. Kuirudisha nyuma ni kuwaficha wateja vitenge.

Chileshe hakuhutubia. Alijilaza kwenye mkeka nyuma ya soko, penye majiko ya mama ntilie, akafumba macho.

"Nimekufa kwa moshi," akasema. "Watani, nitoeni nje."

Wanaume wakambeba na mkeka wake, soko zima likifuata kwa vilio vya uongo. Kwenye meza ya Kalunde, maiti akakwama.

"Mzungusheni!"

"Tumzungushe wapi? Pote pamezibwa!"

Maiti akafumbua jicho moja. "Mtani, kumbe unauza sanda za maua? Nikatie basi, nishaanza kunuka!"

Watu wakaangua kicheko. Uso ukamwaka Kalunde. Angekuwa bwana afya, angemtimua kwa matusi, lakini kwa mtani hununi. Tena alikuwa akiutazama ule mkeka, na aliyemwona juu yake hakuwa Chileshe, bali binti yake Sikudhani, mwenye jiko kule nyuma.

"Shuka, maiti mnene wewe," akasema. "Njoo unishikie meza."

Akairudisha ukutani. Wenzake wakaona haya, nao wakarudisha zao.

Kiangazi kilipokolea, mafuta ya kukaangia yalishika moto kule kwenye majiko, na upepo ulikuwa mkali. Sikudhani na wenzake wakatoka mbio kwa njia ile. Kwa njia hiyo hiyo pampu ikaingia. Vibanda vichache viliteketea. Soko likabaki.

Jioni Chileshe, aliyekwisharudi Mpundu, akapiga simu. "Nasikia mmeungua, watani wavivu! Mliuzima kwa mate?"

Kalunde alikuwa ameushika mkono wa binti yake, wote wawili weusi kwa masizi. Akacheka huku machozi yakimtoka.

"Wewe maiti, hujui kitu," akasema. "Sisi tunaye mtani. Mji usio na mtani ndio huzima moto kwa mate."