Mwaridi wa Bi Kidawa

Samadi haifumbui jicho lisiloona jua. Mmemsikia mchana huu shangazi yenu akimwambia hivyo mumewe, pale alipojisifu kwamba mtoto wao hakosi kitu, ana vitabu, ana viatu, ana mwalimu wa jioni, na huku baba mwenyewe hata kula naye hali. Mkacheka, kisha mkaniuliza samadi na jicho vilikutana wapi. Vilikutana Pangani, uani kwa Bi Kidawa, na mambo yalikwenda hivi.

Bi Kidawa alikuwa mjane. Watoto wake wawili wa mwanzo walikufa wangali wachanga, akabakiwa na binti mmoja tu, Radhia. Siku alipozaliwa Radhia, mama yake alizika kitovu chake pembeni mwa ua, na juu yake akachomeka kijiti cha mwaridi. Kijiti kikashika. Mtoto akakua na mti ukakua, na rohoni mwa Bi Kidawa wakawa kitu kimoja. Radhia akishikwa na homa, mama hukimbilia uani kutazama majani kabla hajamgusa mtoto kipaji cha uso.

Radhia akaolewa Muheza. Mimba yake ya kwanza ilipokua, alirudi kwa mama yake kujifungua, kama ilivyo desturi. Mkunga hakuwa wa kutafutwa. Alikuwa Bi Sikudhani, jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye ndiye aliyempokea Radhia mwenyewe alipokuja duniani.

Wakati huo mwaridi ulikuwa umechanua. Bi Sikudhani aliingia uani asubuhi moja, akasimama mbele yake mikono kiunoni.

"Ama mti huu umependeza, Kidawa! Mtaa mzima hauna mfano wake."

Akasema hayo, wala hakusema mashallah ya kuzuia jicho la husuda. Siku zilizofuata maua yakapukutika, na majani machache yakaanguka nayo. Kila mwaridi hufanya hivyo ukishamaliza kuchanua, na Bi Kidawa alikuwa ameyaona hayo miaka yote. Lakini mwaka huo binti yake alikuwa mjamzito, na neno la jirani lilikuwa limemkaa kifuani kama mwiba wa samaki. Akanunua makuti na miti, akauzungushia mwaridi pande zote, akauezeka na juu. Ukakaa humo kama kuku anayeatamia, asiuone mtu.

Kisha akaulisha. Kila alipopata samadi ya mbuzi aliimwaga shinani, akamwagia maji, akasoma dua. Mti ukatoa chipukizi moja jembamba, refu, jeupe, likapanda moja kwa moja kutafuta upenyo wa makuti. Pembeni haukutoa hata tawi. Yale macho yanayokaa kwenye shina, ambayo kila mwaka hufumbuka yakawa matawi, yalibaki yamefumba. Majani yakageuka manjano. Bi Kidawa akaongeza samadi, na majani yakaanza kuungua kingo.

Wakati huohuo miguu ya Radhia ikaanza kuvimba. Mama alitoka chumbani akaingia uani, akatoka uani akaingia chumbani. Chakula kikamshinda. Radhia alipomwambia, "Mama, keti basi upumzike," alijibu kwamba hajachoka, akarudi uani.

Bi Sikudhani alikuja kumpapasa Radhia tumbo. Alipokuwa akitoka, akasogeza kuti moja na kuchungulia.

"Usiutazame!" Bi Kidawa alipiga ukelele.

"Kidawa, mti unakufa huu. Nani kaufunika?"

"Nimeufunika mimi. Ulikuwa mzima mpaka ulipoufungulia mdomo wako."

Bi Sikudhani aliliachia kuti. "Unanituhumu mimi, shoga yangu?"

"Sijamtaja mtu."

"Basi nisikilize. Samadi umeijaza mpaka inanuka barabarani, na mti bado umelala. Samadi haifumbui jicho lisiloona jua. Ondoa makuti haya."

Katika maneno yote hayo, Bi Kidawa alisikia moja tu.

"Jicho! Umelitaja mwenyewe! Toka uani kwangu, Sikudhani. Na mwanangu usimguse tena."

Bi Sikudhani alijifunga kanga yake vizuri, akatoka. Ndani, Radhia alikuwa amesikia yote, akalia kimyakimya asije mama yake akaona machozi akayafanya nayo kuwa dalili.

Bi Kidawa akapata mkunga mwingine ng'ambo ya mto, kule Bweni, akaahidiwa kwamba akiitwa atavuka. Lakini mvua za masika zikashuka kwa fujo. Mto ukafura, na wenye mitumbwi wakakataa kuvuka. Siku hiyohiyo, baada ya sala ya alfajiri, Radhia akashikwa na uchungu.

Uchungu ulikuja kwa nguvu, ukatulia, ukarudi, na mtoto hakushuka. Bi Kidawa alimkanda mgongo, akatazama mlangoni, akamkanda tena.

"Mama," Radhia alisema huku ameuma kanga, "kamwite Mama Sikudhani."

"Mwanangu, yule... Mti wenyewe haujapona."

"Mama, ninayezaa ni mimi! Si mti!"

Bi Kidawa alitoka bila viatu, mvua inampiga. Mlango wa jirani ulikuwa umefungwa. Aligonga kwa viganja vyote viwili, na ulipofunguliwa hakuweza kusema kitu cha maana.

"Nisamehe," alisema. "Radhia... nisamehe."

Bi Sikudhani alimtazama mara moja, akarudi ndani. Bi Kidawa akadhani amekataliwa. Lakini mwenzake alikuwa amekwenda kuchukua mkoba wake tu.

Alipompapasa Radhia, uso wa mkunga ulibadilika. "Mtoto amekaa vibaya. Nitamgeuza. Nataka maji ya moto, mengi, sasa hivi."

Kuni zote zilikuwa zimelowa. Bi Kidawa alipuliza mpaka macho yakamwasha, na jikoni hapakutoka ila moshi.

"Kidawa! Maji!"

"Kuni mbichi!"

"Tafuta chochote kikavu!"

Kikavu kilikuwepo. Makuti ya chini, yale yaliyofunikwa na mengine, hayakuguswa na mvua. Bi Kidawa alisimama mbele ya kile kibanda, mkono umeshika kuti, na mkono haukutaka kuvuta. Aliona kwamba akiufunua mti, amemfunua na mwanawe mbele ya kila jicho la mtaa. Radhia akapiga ukelele ndani. Bi Kidawa akavuta. Alivuta huku analia, kuti baada ya kuti, na miti yake, mpaka mwaridi ukabaki mtupu mvuani. Moto ukawaka. Maji yakachemka.

Alasiri mtoto alizaliwa, wa kiume. Alichelewa kulia kiasi cha kuwakata watu pumzi, kisha akalia. Radhia alitoka damu nyingi, lakini Bi Sikudhani hakuondoka pembeni yake mpaka ilipokoma.

Bi Kidawa hakuutazama mwaridi tena. Akienda kisimani aligeuza uso, akihofu kuuona umekufa sasa, wakati Radhia yungali dhaifu. Mvua zikakatika, jua likatoka. Asubuhi moja, kabla arobaini haijatimia, Bi Sikudhani alikuja kumkanda mzazi, naye akamshika Bi Kidawa mkono akampeleka uani kama mtoto anayegoma.

Lile chipukizi refu jeupe lilikuwa limenyauka. Lakini chini yake, shinani, kila upande jua lilipofika, macho yalikuwa yamefumbuka. Vichipukizi vyekundu, vinene, vilikuwa vinatoka, na kimoja kilikwisha kuwa tawi.

"Samadi yako haikupotea," Bi Sikudhani alisema. "Ilikuwa ikingoja."

Bi Kidawa alichutama, akakigusa kichipukizi kwa ncha ya kidole. "Uliniambia, Sikudhani. Nikasikia jicho. Sikusikia jua."

Siku ya arobaini, wanawake walimuuliza mwaridi umefufukaje, naye hakuficha kitu. Aliwasimulia yote, Bi Sikudhani akiwa ameketi karibu yake na mtoto mapajani. Walipokuwa wakiaga, kila mmoja alilichukua neno lile akaenda nalo kwake, na ndilo hilo mlilolisikia leo: samadi haifumbui jicho lisiloona jua.