Nguchiro na Kiti cha Kukunja

Wewe uliyekaa hapo mbele, nikuulize: umeshawahi kunyimwa kiti ambacho hakuna anayekikalia? Bado? Subiri umalize shule.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, wapangaji na viwanja vya ndege, palikuwa na mashirika mawili. La Mtoni lilikuwa la Kiboko, la Nyika lilikuwa la Kifaru. Mabwana hawa walichukiana mpaka wakipishana barabarani kila mmoja anageuza shingo, na shingo zenyewe hawana.

Marubani wao hawakuwa na ugomvi. Walikuwa na desturi yao. Nyuma ya viti vya marubani, kila ndege ina kiti kidogo cha kukunja. Rubani wa shirika lolote akitaka kwenda kazini au kurudi kwake, anavua kofia, anachungulia mlangoni, anasema, "Kapteni, naomba kiti." Kapteni anajibu, "Karibu." Basi. Hakuna tiketi, hakuna fomu. Leo wewe, kesho mimi.

Siku moja Fisi, rubani wa Nyika, alipewa kiti hicho ndani ya ndege ya Mtoni. Akala chakula cha kapteni, akalamba na foili, kisha akalala, khrrr, khrrr, mpaka abiria wakadhani injini imeharibika. Kiboko aliposikia akatoa amri: rubani wa Nyika asikanyage kwangu. Kifaru naye hakutaka kupitwa. Akaandika waraka wenye mihuri mitatu: ni marufuku kwa rubani wa Nyika kukaa kiti cha Mtoni, na rubani wa Mtoni asikae cha kwetu.

Watu wazima hao. Na digrii za heshima ukutani, very serious.

Aliyeumia ni Nguchiro. Binti mdogo, mwembamba, macho kama shanga. Alisomea urubani, akawa wa kwanza darasani, halafu akakaanga mihogo miaka sita huku akikusanya barua za "we regret to inform you". Mwishowe Nyika wakamwajiri. Tatizo, alikuwa anaishi Mtoni na mama yake, na kazi iko Nyika. Tangu marufuku ianze alishachelewa mara mbili. Kifaru akamwambia, "Mara ya tatu, kazi yako nampa mpwa wangu Ngiri." Ngiri hakuwahi kusomea chochote. Experience yake ilikuwa ni kuwa mpwa.

Sasa siku hiyo Nguchiro alitakiwa aripoti saa nane mchana. Ndege ilikuwa moja tu, ya Mtoni, inaondoka saa saba, na imejaa abiria. Akavaa sare, akaenda.

Kapteni alikuwa Twiga, shingo kaikunja mara mbili ndani ya chumba cha marubani.

"Shikamoo, Kapteni. Naomba kiti."

"Marahaba, mdogo wangu. Kiti kipo, tazama, nimekiwekea begi. Lakini leo bosi mwenyewe yumo, safu ya kwanza. Nami nina watoto wanne, na wote wanakula majani ya juu."

"Nikiongea naye mwenyewe?"

"Ongea. Mimi sijakuona."

Kiboko alikuwa amekalia viti vitatu, mkanda umeishia ubavuni. Nguchiro akasimama mbele yake, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hiyo sare ya nani? Ya Kifaru? Toka."

"Natoka, mzee. Asante sana. Nilijua utanitoa, bosi wangu alishaniambia."

"Alikuambia nini?"

Nguchiro akatoa waraka mfukoni, akaukunjua taratibu, kwaru, kwaru. "Huu hapa. Bwana Kifaru ameagiza rubani wa Nyika asikae kiti cha Mtoni. Sasa naomba unitilie saini hapa chini: 'Agizo limetekelezwa.' Na mhuri, kama unao."

Kiboko akausoma. Akausoma tena. Masikio yakaanza kucheza, pwata, pwata.

"Nani katekeleza agizo la nani?"

"Wewe, mzee. La Bwana Kifaru. Yeye kaagiza nisikae, wewe umenitoa. Atafurahi, maana kule ofisini wengine walisema hutamtii."

"Mimi nimtii Kifaru? Ndani ya ndege yangu?"

"Mzee, mimi ni mtumishi tu. Kalamu hii hapa."

Abiria wote walikuwa wameshusha magazeti. Kuku wa safu ya pili akasema kwa sauti ya chini, lakini kila mtu akasikia, "Kumbe mwenye ndege ni Kifaru."

"Twiga," Kiboko akanguruma, "huyu binti akae kile kiti. Na kesho rubani yeyote wa Nyika akija, akae. Asiyetaka, mfungeni mkanda kwa nguvu."

"Lakini mzee, waraka…" Nguchiro akasema, uso kautia huzuni.

"Nimesema kaa!"

Akakaa. Vuuuum.

Saa nane kasoro dakika tano wakatua Nyika. Kifaru alikuwa kasimama kando ya ndege yake pamoja na Ngiri, na Ngiri kavaa kofia ya rubani nyuma mbele.

"Umekuja na nini?" Kifaru akauliza.

"Na ndege ya Mtoni, bosi."

"Umevunja waraka wangu. Huna kazi. Ngiri, panda."

 Harufu ya mafuta ya mihogo ikamjia Nguchiro puani, miaka sita yote kwa mpigo.

"Sawa, bosi. Ila watu wakiniuliza, niwajibu nini? Mimi nilikuwa nimeushika waraka wako mkononi. Kiboko ndiye kaukataa mbele ya abiria sabini. Amesema marubani wako wote atawabeba yeye. Sasa yeye ananileta kazini kwa wakati, wewe unanirudisha nyumbani. Watasema marubani wa Nyika wanalelewa na Kiboko."

"Nani analelewa?"

"Sisi, bosi. Maana kwetu hakuna hata kiti cha kumkalisha mgeni."

Kifaru akachimba lami kwa kwato, kwara, kwara. Akamwita karani. "Andika. Kuanzia leo rubani wa Mtoni akiomba kiti kwangu, apewe. Kiboko kabeba mmoja? Mimi nabeba kumi."

"Kiti ni kimoja, bosi," karani akasema.

"Basi mmoja, lakini kwa heshima zaidi."

"Na mimi?" Nguchiro akauliza.

Wakati huo Ngiri alikuwa keshaingia kwenye ndege, katafuta pa kuwashia injini, kawasha waipa. Kioo kikavu, waipa zinalia kwi, kwi, kwi.

Kifaru akafumba macho. "Mteremsheni huyo. Nguchiro, unangoja nini? Panda."

Jioni mabwana wakapigiana simu kutambiana. Katikati ya majigambo wakagundua kwamba karatasi moja imewapiga wote wawili. Wakakata simu. Lakini nani aanze kunyima kiti tena, aonekane mdogo? Mpaka leo hakuna aliyeanza.

Funzo ni hili: mwenye kiburi hafungui mlango kwa kubembelezwa; mwonyeshe kwamba kuufunga ni kumtii adui yake.

Na nyinyi wakubwa wenye funguo za ofisi, tumewasikia mkisema nafasi hakuna, na tumechungulia dirishani tukaona viti vitupu. Bandikeni ukutani orodha ya nafasi zilizo wazi na majina ya waliopewa. Wiki hii, si mwakani.