Vioo vya Zinki na Mawese ya Mama Asiya

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao ni mkeka wako mkuukuu. Umechakaa, lakini ni wako. Msala upitao ni wa mgeni, na mgeni akienda huenda nao. Houda aliijibu methali hii vizuri shuleni. Kuielewa, alingoja mawese ya Mama Asiya.

Houda alikuwa fundi katika maabara ndogo ya kupima vyakula mjini Bujumbura. Mashine yao humulika kitu kwa mwali wa leza, na mwanga unaorudi hubeba alama ya kitu hicho, kama vile kila mtu ana sauti yake. Ila sauti hiyo ni mnong'ono. Ili isikike, tone huwekwa juu ya kioo kilichopakwa kitu cha kuikuza. Houda alijitengenezea vioo vyake kwa oksidi ya zinki, unga uleule mweupe wa kupaka watoto wachanga waliobabuka. Wataalamu huuita nusu-kipitishi: umeme haukimbii humo kama kwenye waya wa shaba, wala haugomi kama kwenye ubao.

Siku moja mtafiti mgeni akawaachia kisanduku cha vioo vya fedha. Vilimetameta kama ndagala, dagaa wa ziwani, aliyetoka majini sasa hivi, na vilikuza mnong'ono kupita vya zinki mara nyingi.

"Houda, hiyo poda yako ya bebe weka kando!" alicheka shefu Léonce, mkuu wa maabara.

Kwa aibu, Houda akavichomeka vioo vyake dirishani, kulikaza lisigongegonge kwa upepo wa ziwa.

Mwezi haukuisha, Mama Asiya akaja. Alikuwa ameuza mawese sokoni Kanyosha miaka thelathini, na sasa watu walisema ameyatia rangi ya viwandani, eti ni mekundu mno. Bidoni zake sita, madumu ya mawese, zilikuwa zimefungwa na wakaguzi wa soko. Bila cheti kufikia Ijumaa adhuhuri, zingemwagwa shimoni.

"We mutoto, mi sitaki huruma," alisema. "Nataka jina yangu. Mama yangu aliniachia mawese, apana rangi."

Ijumaa asubuhi Houda alianza kama ilivyo desturi: tone la rangi yenyewe ya viwandani kwanza, kioo cha fedha kithibitishe kwamba kinasikia. Kimya. Kioo cha pili, kimya. Akavitazama vizuri: vilikuwa vyeusi kama kitako cha sufuria. Akafungua kabati, harufu ikampokea mlangoni.

"Shefu! Mayai ya kuchemsha na fedha kabati moja?"

"Si ndiyo yenye ufunguo? Valéry wa mapokezi ananimalizia mayai!"

"Mayai yana salfa, na salfa hula fedha. Umeviua."

Léonce akajikuna kisogo. "Basi andika hakuna rangi. Mashine si imenyamaza?"

"Kiziwi asiposikia adhana, shefu, ndiyo kusema haikuadhiniwa?"

Hakungoja jibu. Alikwenda dirishani, akavichomoa vioo vyake. Jua lilikuwa limeshamfanyia kazi, kwani mwanga mkali ukiipiga zinki, uchafu uliogandia huungua polepole. Akavisuuza, akaweka tone la rangi. Mistari ikasimama kwenye skrini, mifupi kuliko ile ya fedha, lakini wazi kama vidole vya mkono. Kioo kinasikia! Ndipo akaweka mawese, bidoni baada ya bidoni, hadi ya sita. Mstari wa rangi ya viwandani haukuonekana hata mmoja. Ulionekana wekundu wa machikichi yenyewe, ule ulio ndugu wa wekundu wa karoti.

Léonce alitia cheti saini kabla ya adhana ya adhuhuri, asimtazame mtu usoni.

Mama Asiya akakigeuzageuza kile kioo chenye ukungu. "Kibaya hivi ndicho kimeniokoa?"

"Kibaya, mama, lakini changu. Nakijua."

"Basi apana kirudishe kwa dirisha."

Dirisha likaanza kugonga. Léonce akainuka mwenyewe, akakunja boksi la mayai yake, akalikaza nalo. Methali ilikuwa imeshasema: usiache mbachao kwa msala upitao.