Lete Hapa

Sikilizeni. Na wewe mama wa pale nyuma, hizo karanga utazitafuna nyumbani.

Kulikuwa na mwanamke mmoja, mfungaji wa mpira wa pete kwenye timu ya kiwanda cha pamba. Huyo alikuwa hakosi. Akiinua mkono tu, watu washaanza vigelegele. Magoti yakachakaa, akaacha kucheza, na timu nayo ikadhoofu, ikawa ya kufungwa na kila mpita njia.

Meneja akamwita. "Mama, ijenge upya. Ila mkifungwa na timu ya reli mwezi wa nane, naivunja."

Akakusanya mabinti, wengine hata viatu hawana. Akawapikia uji, akawashonea sketi kwa mkono wake. Msiseme hakuwapenda. Mume alishazika, mtoto hakujaliwa. Timu ile ndiyo iliyombakia.

Ila alikuwa na ugonjwa mmoja. Binti mfungaji akisimama chini ya pete, akasitasita kutupa, mwalimu hawezi kutazama.

"Lete hapa!"

Binti anamrushia mpira. Yeye anautupa, unatumbukia. Watu pembeni wanashangilia.

"Umeona? Ndivyo hivyo."

"Nimeona, mwalimu."

Kila jioni, miezi mitano. Kuona, binti aliona sana.

Siku ya reli ikafika. Wamefungana sawa, mwamuzi anatazama saa. Mpira ukamfikia binti chini ya pete, yuko peke yake, mlinzi wake kateleza kaanguka. Akauinua mpira, akaushusha.

Binti akageuka, akamtafuta mwalimu wake kwa macho, akamrushia mpira. Nje ya mstari!

Mwanamke akaudaka. Mikono haikusahau kazi yake, akauinua, akalenga. Ndipo akasikia watu wanacheka.

Mpira wakapewa reli. Wakaenda, wakafunga. Filimbi.

"Mwanangu, umefanya nini?"

"Si huwa unasema nilete, mwalimu?"

Nyie mngemjibu nini? Jumatatu timu ikavunjwa. Zile sketi zikawa matambara ya kufutia mashine, na yeye alikuwa akizipita pale mlangoni mwa kiwanda akienda kuomba kazi ya kufagia.

Sasa msimcheke. Nani hapa amewahi kumwachia mkwewe mwiko, ugali ukaungua, akanyamaza? Nani kwenye kwaya amemwachia binti aanzishe wimbo, hata akiuanzisha juu mno? Tunawapokonya, tunasema tunafundisha. Tunasema ni upendo. Na ni upendo kweli, hapo ndipo panapouma. Lakini kuna siku sisi sote tutatolewa nje ya mstari, tupende tusipende. Watoto hawa watageuka kututafuta, na mpira wataurushia kaburi.

Haya, simameni. Sala ya kufunga ataomba huyu binti hapa mbele. Akikwama, mtu asimsaidie.